Mama wa Notisi na Orodha Tupu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa ulimi wa kuuliza na masikio ya kungojea jibu, na akanibakizia meno ya kutosha ili nikicheka watu wajue kwamba ninacheka. Namshukuru kwa afya, kwa subira na kwa majirani. Kwa majirani namshukuru mara mbili, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyenifanya, katika uzee huu, niwe mashine kwa mchana mzima bila kuchomekwa kwenye umeme.

Jina lake silitaji. Mtaani kwetu Mutakura, hapa Bujumbura, hatukulitumia. Tulimwita Mama wa Notisi. Notisi ni ile karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa, ambayo wengi tunaitupa kabla hatujafika nyumbani. Yeye alikuwa Mkristo wa Kongo aliyefanya kazi miaka mingi katika depo ya dawa hapa mjini, kuwafasiria wateja karatasi hizo kutoka Kifaransa. Depo ikafungwa, tabia haikufungwa. Ukipita na mfuko wa farmasi, yaani duka la dawa, mbele ya mlango wake, ulikuwa umejitakia. Atakuketisha, atavaa miwani, atakusomea yote, pamoja na sehemu ya wajawazito hata kama wewe ni babu kama mimi.

Kuna msukuma mkokoteni aliyepewa dawa ya mafua. Mama wa Notisi akamsomea mpaka pale palipoandikwa kwamba anayeimeza asiendeshe mitambo mizito. Mtu yule akaegesha mkokoteni siku tatu. Mwenye mzigo alipokuja kulalamika, akaonyeshwa karatasi. Hakujua Kifaransa, akaona aibu kusema hivyo, akaondoka.

Sasa nieleze kazi iliyonifanya nimwandike, na nitaieleza taratibu kama nilivyoelezwa mimi. Injinia mmoja mwenye ofisi mtaa wa Kigobe alikuwa ametengeneza chombo pamoja na wenzake. Kila asubuhi farmasi za mji zinapofungua, zinatuma orodha ya dawa zilizopo, na chombo kinazikusanya. Hakina uso wala kitufe. Kina mlango tu, ambao programu nyingine zinapitia kuuliza, na mlango huo ndio mafundi wanauita API. Wanaokuja kugonga ni mawakala: programu za akili bandia zinazopokea ujumbe wa mtu kwenye simu, zikaamua zenyewe pa kuuliza, kisha zikamrudishia jibu kwa lugha yake. Lakini wakala hajawahi kukanyaga Bujumbura. Anachokijua kuhusu chombo ni maelezo yaliyobandikwa mlangoni, basi. Maelezo yakiwa mabaya, wakala atakosea kwa adabu na kwa ufasaha mkubwa.

Mama wa Notisi alipewa kazi ya kuyaandika maelezo hayo na kupima kama mawakala wakiyasoma wanafanya sawasawa. Mwisho wake alitakiwa kuweka jina chini ya ripoti. Bila jina lake, umoja wa kliniki uliokuwa unakisubiri chombo usingewafungulia watu.

Mimi neno wakala nalijua tangu ujana, kabla sijawa fundi wa magari, nilipokuwa nakaa chini kwa masheikh. Wakala ni mtu uliyemkabidhi jambo lako, na kile ulichomkabidhi ni amana. Amana yenyewe ilikuwa nyumbani kwangu. Mke wangu anajidunga insulini, na kila chupa ikikaribia kuisha tunaanza kuzunguka mji. Leo ipo Buyenzi, kesho haipo popote, kesho kutwa ipo mahali ulipopita jana. Petroli ikikosekana, kuzunguka huko ni kwa miguu. Kwa hiyo chombo kile kikiwa cha kweli, mke wangu angepata dawa yake kwa ujumbe mmoja. Kikidanganya, atakayeumia ni yeye. Mama wa Notisi alilijua hilo, maana tuliishi ukuta kwa ukuta na frigo lake ndilo lililotunza dawa hiyo siku umeme wetu ulipokatika na wake ukabaki.

Alikuwa na swali moja alilolibeba kila mahali: na kama apana, yaani na isipokuwa hivyo? Ukimwambia basi la Musaga linapita hapa, atauliza na kama apana. Mhubiri wake alipowaaga waumini kwamba wataonana Jumapili ijayo, sauti ikatoka benchi la tatu, na kama apana? Mhubiri, Mungu amzidishie, akacheka kwanza kisha akahubiri tena robo saa juu ya jambo hilo, na waumini wakamkasirikia Mama wa Notisi kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Familia moja ya mtaani ilimpelekea kadi ya harusi. Aliirudisha siku ileile na masahihisho kwa kalamu nyekundu. Kadi haikusema mvua ikinyesha watu waende wapi. Haikusema mwenye watoto aje nao au asije nao. Haikusema saa ya kula. Mama wa bwana harusi akasema huyu mwanamke ana wivu, lakini baba yake akaenda kimyakimya kuchapisha nyingine. Siku ya harusi mvua ilishuka kana kwamba imealikwa. Watu mia wakainuka bila kuulizana, wakaelekea kwenye ukumbi wa shule kwa mstari, kadi mikononi. Nilikuwepo. Sijawahi kuona Warundi, Wakongo na sisi Waislamu wa zamani wa mji tukikubaliana haraka namna ile.

Ukisikia hayo utadhani alikuwa mtu wa vipimo. Basi muulize mke wangu. Alitamani kupika sombe, yaani kisamvu, kama ya Mama wa Notisi, akaenda na daftari.

"Unapika mpaka iive," Mama wa Notisi akamwambia.

"Ikiiva inakuwaje?"

"Inakuwa imeiva, mama."

"Na chumvi?"

"Ya kutosha."

"Na kama apana?" mke wangu akamuuliza, na wote wawili wakaegemea ukuta kwa kicheko. Mpaka leo lile daftari lina ukurasa mmoja wenye neno moja, majani.

Hata hivyo mwezi wa Ramadhani alikuwa akituletea chupa ya chai wakati wa kufuturu, na kila chupa ilikuwa na karatasi: chai, ina tangawizi, haina sukari, anayetaka sukari arudishe chupa. Yeye alikwenda kanisani kwake, mimi msikitini kwangu, na hatukuwahi kugombana ila siku moja tu, kuhusu nani kati ya Ibrahimu na Ayubu alikuwa na subira zaidi. Tulimaliza ugomvi kwa kukubali kwamba wote wawili wangeshindwa na injinia wa Kigobe.

Namna yake ya kupima ndiyo iliyonichekesha kuliko zote. Kabla ya kuwapa mawakala maelezo yake, aliyajaribu kwa binadamu. Alikuja kwangu na karatasi moja.

"Mwalimu, leo we ni mashini," akasema. Ananiita Mwalimu kwa sababu nafundisha Kurani jioni.

Nikamuuliza mashine ya namna gani. Ya akili, akasema.

"Akili niko nayo kidogo tu, mama."

"Ndiyo maana nakutaka. Wenye kuwa nayo mingi wanajazaka penye mi nilisahau."

Akanikalisha kwenye kibao katikati ya ua. Upande wa pili alitundika kitenge, na nyuma ya kitenge akamweka jirani yetu fundi wa kushona, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Fundi ndiye chombo. Mimi ni wakala. Sikuruhusiwa kujua chochote ila kilichoandikwa kwenye karatasi, na sikuruhusiwa kusema. Nilitakiwa kuandika ombi kwenye kikaratasi na kulipitisha chini ya kitenge.

Nikaandika: Assalaam alaykum, naomba insulini, Mutakura, Mungu akubariki. Kikaratasi kikarudi na neno moja, kosa. Nikaandika tena, safari hii nikaongeza dua kidogo, maana nilidhani salamu haikutosha. Kosa. Mama wa Notisi alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga. Akanionyesha kwamba maelezo yanataka jina la dawa na jina la mtaa tu.

"Mashini haiombeake mwenzake, Mwalimu."

"Hii inaomba," nikamwambia.

Alipotulia, akasema kosa si langu. Mawakala nao wana adabu nyingi, watajaza maneno, na chombo kinachojibu kosa bila kusema neno lipi limekosewa ni sawa na mtu anayekufokea kwa Kichina. Akaandika hilo kwa ajili ya injinia.

Tukaendelea. Fundi wa kushona alikuwa na gauni la kumaliza, akachoka na serikali yetu ya vikaratasi, akaanza kujibu kila ombi kwa neno moja: ngoja. Mimi, kwa uaminifu wa wakala, nikauliza tena. Ngoja. Nikauliza tena. Nilifika mara kumi na nne, mkono unaniuma, ndipo mke wangu akapita na beseni la nguo.

"Mzee, unaomba nini hapo?"

"Dawa yako."

"Na wanasemaje?"

"Ngoja."

"Basi si ungoje?"

Mama wa Notisi aliketi chini, kabisa, kwenye vumbi, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Karatasi yake haikumwambia wakala afanye nini akiambiwa ngoja. Jioni ile iliongezwa mistari miwili: akiambiwa ngoja asubiri dakika moja, na baada ya mara tatu aache, amwambie mtu ukweli. Mke wangu anadai mpaka leo kwamba mistari hiyo ni yake, na mimi sina hoja ya kumpinga.

Baada ya binadamu, ndipo aliwajaribu mawakala wenyewe kwenye kompyuta, mchana kutwa, mtaa kwa mtaa, dawa kwa dawa. Akija kwetu kuomba chai anatusimulia kama mtu aliyetoka kuwatembelea wakwe. Mmoja aliulizwa dawa ya minyoo akatafuta dawa ya mende. Mwingine alikuwa hodari lakini hakubali kwamba Musaga ni sehemu ya mji. Alikuwa anawapenda, na hakuwaamini hata mmoja.

Kisha likatokea lile la Jumamosi, na hapa naomba msomaji asicheke kwanza.

Chombo kilikuwa kimefunguliwa kwa watu wachache wa kujaribu, na mke wangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi hiyo nilimwona akiinua chupa yake kwenye mwanga wa dirisha. Ilibaki tone ambalo hata mimi nisiye na miwani nililiona kuwa dogo. Akamwandikia wakala. Jibu likaja mara moja, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: pole sana, insulini haipo katika farmasi yoyote ya Bujumbura.

Haipo popote. Mke wangu aliweka simu chini taratibu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ndivyo alivyo akiogopa. Mkwe wangu akachukua termosi ya barafu, na njia zilipofunguliwa tu, akapanda gari la Rumonge, mji wa kusini kando ya ziwa, kwenda kutafuta huko.

Saa moja baadaye, farmasi iliyo viwanja vitatu kutoka kwetu ikafunguliwa. Mwenye nayo alikuwa bado na jembe mkononi na matope mpaka magotini. Frigo lake lilikuwa limejaa insulini. Lilikuwa limejaa tangu juzi.

Kila mtu anayekaa Burundi ameshaelewa. Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja. Tunatoka na majembe na fagio, tunazibua mifereji, magari yamesimama, na maduka yamefungwa mpaka kazi iishe. Hakuna farmasi iliyofungua, kwa hiyo hakuna iliyotuma orodha. Wakala aligonga mlango, akapewa orodha tupu, akasoma maelezo yanasema nini kuhusu orodha tupu, akatii.

Mama wa Notisi alikuja kwetu na jembe begani. Hakupiga hodi.

"Mwalimu, ni mi."

"Ni we nini, mama?"

"Ni mi niliandika. Orodha ikiwa tupu, dawa haiko. Maneno yangu. Ile mashini ilisoma muzuri kabisa."

Mke wangu, aliyekwisha kupata dawa yake, akamwambia aache kujisumbua, hata yeye angeandika hivyo hivyo, kwani nani asiyejua Jumamosi?

"Ule mwenye hajafika hapa," akajibu, akakaa na jembe lake mapajani kama aliyepakata mtoto.

Mwanamke aliyeuliza na kama apana mbele ya mhubiri, alisahau kuliuliza mbele ya jambo analolifanya kila wiki. Sote tulisahau. Injinia alikuwa Kigobe anafagia, wenzake wanafagia, na hakuna aliyefikiri kuandika kitu ambacho hata kuku wa Mutakura wanakijua. Mkwe wangu akarudi alasiri na termosi tupu na mikeke minne, wale samaki wa ziwani, akaeleza kwamba Rumonge insulini hakuna lakini samaki walikuwa wazuri. Hapo sasa unaweza kucheka. Sisi tulicheka mpaka mikeke ikaungua.

Siku mbili baadaye injinia alikuja mwenyewe Mutakura kuomba jina kwenye ripoti. Umoja wa kliniki ulikuwa umesubiri vya kutosha. Alizungumza vizuri, kijana wa heshima, akaeleza kwamba mawakala wanajibu sawa karibu kila mara, na kosa lile lilitokea mara moja.

"Mara moja, mama. Moja tu."

Mama wa Notisi akanyoosha kidole kuelekea kwa mke wangu, aliyekuwa anachagua mchele mlangoni.

"Ile mara moja ni ule pale," akasema. "Umusalimie."

Injinia akaenda, akamsalimia kwa mikono miwili. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Akarekebisha chombo kiwe na majibu matatu badala ya mawili: ipo, haipo, na sijui kwa sababu orodha haijafika.

Mtu angedhani yameisha. La. Mawakala walipokea lile jibu la tatu, na walipofika kwa mtu wakaligeuza kuwa haipo, kana kwamba kusema sijui ni aibu. Mama wa Notisi akaandika maelezo upya, akayafuta, akaandika upya. Akawaeleza Jumamosi ni nini, farmasi zinafungua lini, na kwamba wakiambiwa sijui wamwambie mtu sijui, na waulize tena wao wenyewe kazi zikiisha. Kila alipoona yametosha, mmoja akateleza. Ikafika wakati bintiye wa Musaga akajifungua, naye akahamia huko kumsaidia, na ripoti ikahama naye mkobani bila jina. Nilijua kwamba wengine wangekwisha kuisaini, wakalala usingizi.

Miezi ikapita. Ijumaa moja baada ya sala, mimi na mke wangu tukaenda Musaga kumwona mtoto, tukalala huko. Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Mimi na Mama wa Notisi tukatoka na majembe pamoja na mtaa mzima, mke wangu akabaki na mtoto. Tuliporudi, tope mpaka kwenye nyusi, tukamkuta anacheka peke yake kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto. Chupa yake ilikuwa imebaki na dozi moja, na bila kumwambia yeyote alikuwa amemwandikia wakala wakati sisi tuko kwenye mfereji.

Akatupatia simu tusome. Wakala alikuwa ameandika: sijui kama insulini ipo, farmasi hazijatuma orodha kwa sababu watu wako kwenye kazi za pamoja, usisafiri bado, nitauliza tena na nitakuandikia.

Mama wa Notisi alisoma mara tatu. Hakucheka. Akauliza mke wangu aliandika maneno gani hasa, kwa herufi zipi, saa ngapi. Alikuwa bado anauliza simu ilipolia tena mkononi mwake. Farmasi moja ya Musaga, kwenye barabara ya kusini, imetuma orodha sasa hivi. Insulini ipo.

"Tuende tuone," akasema.

Nikamwambia anawe miguu kwanza. Akasema miguu itangoja. Mke wangu akaichukua simu yake akatangulia, tukatoka watatu, mtoto tukamwachia mama yake, na watu wakatutazama jinsi wazee wawili wenye majembe wanavyomkimbiza mwanamke mwenye simu. Farmasia alikuwa ndiyo kwanza ananawa mikono. Mke wangu akataja dawa yake. Farmasia akafungua frigo, akaitoa, akaiweka mezani. Chupa yenyewe, ya baridi, imetoa jasho.

Mama wa Notisi akaigusa kwa kidole kimoja. Kisha akatoa ripoti mkobani, imechakaa pembe zote, akaomba kalamu. Nilidhani anaandika jina lake. Akaisukuma mbele ya mke wangu.

"Mama, weka jina yako juu. Langu litakuwa chini."

"Mi siandikake muzuri."

"Andika vile vile. Mi nilipima, lakini we ndiwe ulikuwa unangojea."

Mke wangu akavua pete yake, sijui kwa nini, akaandika. Ilichukua muda. Farmasia alisimama wima, mikono mbele, kama shahidi wa ndoa. Mama wa Notisi akaandika jina lake chini, akapuliza wino, na hapo ndipo kicheko alichokuwa amekizuia tangu asubuhi kilipomtoka, kikamshika mke wangu, kikanishika mimi. Farmasia akauliza kati yetu mgonjwa ni nani, kwa maana wote watatu tulikuwa tunafuta machozi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya na wa nyumbani kwako, akukutanishe na wakala mwaminifu na jirani asiyeacha kuuliza, na unachokihitaji kikufikie kabla hujaanza safari ya kukitafuta. Amina.